Matanga Yaliyochelewa

Kivuko kinakata maji ya kijivu. Ndani yake wamo Blanca na Pray Tell, marafiki wawili ambao kila mmoja anajua kwamba ana virusi vya Ukimwi, na wanakwenda kisiwani kumtafuta mwenzao aliyezikwa huko. Wakifika wanakuta handaki refu, na humo majeneza ya mbao yamepangwa moja juu ya jingine kama shehena ghalani. Hivyo ndivyo unavyoanza msimu wa pili wa tamthilia ya Pose, uliooneshwa Marekani mwaka 2019. Niliutazama usiku, nyumba nzima imelala, na nilipofika hapo nikaisimamisha picha. Kisiwa hicho hakikubuniwa na mwandishi. Kinaitwa Hart Island, kiko upande wa Bronx, na tangu mwaka 1869 jiji la New York limezika huko zaidi ya watu milioni 1, wengi wao maskini na wasio na mtu wa kuwachukua. Mwaka 1985 miili 17 ya watu waliokufa kwa Ukimwi ilipelekwa ncha ya kusini ya kisiwa, ikazikwa mbali na makaburi mengine, kila mmoja na shimo lake, na mashimo yakachimbwa kwenda chini kuliko kawaida. Waliozika walikuwa wafungwa. Hata katika ardhi ya waliosahauliwa, hao 17 walitengwa.

Kwetu jeneza hupokezanwa. Huyu anaingiza bega, yule anatoa lake, na mpita njia asiyemjua hata marehemu anasogea chini ya mzigo kwa hatua chache kisha anaendelea na safari yake. Watu huosha, hukata sanda, huchimba, hufukia. Kisha mikeka hutandikwa, birika la kahawa likainjikwa, na kwa siku kadhaa mfiwa haachwi peke yake. Lugha yetu imelitengea jambo hili kitenzi kizima: kuzikana. Ukisema "wale ni watu tunaozikana" umeeleza ujirani, ukoo na wajibu kwa pumzi moja. Mtu anaweza kukosa nyumba na shamba, akakosa hata mtoto, na bado akawa mtu miongoni mwa watu. Akikosa wa kuzikana nao, huyo ndiye fukara. Ndiyo maana majeneza yale yalinikaa kooni, na kadiri nilivyoendelea kuitazama Pose ndivyo nilivyoacha kuiona kama burudani, nikaanza kuiona kama matanga yaliyochelewa miaka 30. Mikeka imetandikwa hatimaye. Watu wameketi. Majina yanatajwa.

Nina kikombe ninachokikumbuka. Kilikuwa cha bati, cha bluu, rangi imebanduka ukingoni, na kiliwekwa peke yake dirishani, mbali na vikombe vingine. Kilikuwa cha mama yangu mdogo, aliyerudi nyumbani katikati ya miaka ya 1990 akiwa amekonda, na shuka lake likaanikwa kwenye kamba yake. Hakuna aliyetuambia watoto tusikiguse kikombe kile. Tulijua tu, jinsi watoto wanavyojua. Alipofariki, msemaji wa familia alisimama akasema marehemu aliugua homa kwa muda mrefu, na waombolezaji wakaitikia kwa vichwa. Mtaani walisema amekanyaga miwaya. Walisema alikuwa na ngoma. Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka wa Uganda. Kila jina lilikuwa pazia. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini sisi tulifika mahali ambapo hata kilio hakikufichua kitu. Tulilia, tukazika, tukaendelea kuficha.

Neno hilo la mtaani, ngoma, limenirudia mara nyingi nikitazama tamthilia hii, kwa kuwa Pose kwanza ni hadithi ya ngoma. Katika kumbi za New York, vijana weusi na wenye asili ya Puerto Rico na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini, mashoga na watu waliobadili jinsia, wengi wao wamefukuzwa na wazazi, walikusanyika usiku kushindana kwa mavazi, mwendo na uchezaji. Walijigawa kwa nyumba, kila nyumba na jina lake, na mbele ya meza ya waamuzi mtu aliyelala njaa alipita akiwa mkurugenzi wa kampuni, ofisa wa jeshi au malkia. Msomaji wa mwambao hatashangaa sana. Babu zetu walikuwa na beni. Mwanzoni mwa karne ya 20, kutoka Lamu na Mombasa hadi Dar es Salaam na miji ya bara, watu walijigawa pande zilizoshindana, kama Marini na Arinoti, wakavaa sare za kiofisa, wakapeana vyeo vya kifalme na vya kijeshi, wakapita barabarani na bendi. Mchana baadhi yao walikuwa wabeba mizigo na watumishi wa nyumba za wakoloni. Anayenyimwa cheo juani hujivika usiku, na wenzake wakimshangilia kinakuwa cheo kweli. Kisha, huko New York, ngoma ya pili ikaingia ndani ya ya kwanza. Mwamuzi mmoja akakosekana mezani. Mchezaji akapita akikohoa. Jukwaa lile lile la kushangilia likawa mahali pa kuhesabu nani hakuja.

Katika nyumba hizo palikuwa na akina mama. Wengi wao walikuwa wanawake waliobadili jinsia, ambao walipozaliwa waliitwa wavulana na baadaye dunia ikawaadhibu kwa kukataa jina hilo. Kuzaa si kazi, kazi kulea. Sijui methali yetu nyingine inayowavaa wanawake hawa vizuri kama hii. Walimwokota mtoto wa miaka 16 kituo cha basi, wakampa godoro, wakamfundisha kupika, kutembea, kujilinda na kuficha pesa, kama somo wa pwani anavyomfundisha mwari. Mmoja wa akina mama wa kweli, Angie Xtravaganza, alikuwa bado kijana alipoanza kulea vijana wenzake. Alifariki mwaka 1993 kwa maradhi yatokanayo na Ukimwi, akiwa na umri wa miaka 28. Blanca wa tamthilia ametokana na wanawake wa aina yake, na mwigizaji wake, Michaela Jaé Rodriguez, ni mwanamke aliyebadili jinsia, na wenzake wanne walioshika nafasi kuu pamoja naye nao wamebadili jinsia. Mwandishi na mwongozaji Janet Mock naye ni mwanamke aliyebadili jinsia. Safari hii waliozoea kuzungumziwa walishika kalamu na kamera wenyewe. Nikiwatazama wakiitana dada na mama nilikumbuka kwamba hata neno letu shoga, ambalo leo hurushwa kama jiwe, lilikuwa na bado ni neno la mapenzi kati ya wanawake wa mwambao: shoga yangu, msiri wangu, niliyempa siri yangu akaitunza.

Lakini matanga hayafanani na mahakama. Anayemsimulia marehemu usiku wa pili, kahawa ikipita mkono kwa mkono, huunganisha safari mbili zikawa moja, na humpa marehemu maneno aliyotamani angeyasema. Tamthilia hufanya hivyo hivyo. Tarehe 5 Septemba 1991 wanaharakati wa Ukimwi walipanda juu ya nyumba ya seneta Jesse Helms huko Arlington, Virginia, wakaifunika kwa kondomu kubwa mno, kwa kuwa seneta huyo alipigania kuzuia fedha za serikali zisitumike kuwafundisha mashoga namna ya kujikinga. Katika Pose kondomu hiyo imehamishwa. Inafunika nyumba ya mwanamke tajiri mwenye majengo ya kupangisha, mhusika wa kubuni aliyemdhulumu Blanca duka lake la kupaka rangi kucha, na mikono inayoivuta ni ya wenzake Blanca. Mwanahistoria ana haki ya kulalamika. Mimi niliona akili ya msimulizi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na kwa mwanamke maskini wa Bronx seneta alikuwa mbali. Aliyekuwa karibu ni mwenye funguo. Tamthilia ilichukua tendo lililotukia kweli na kulisogeza hadi kwenye mlango ambao watu wa aina ya Blanca walifungiwa kila siku.

Jambo la kanisa halikuhitaji kusogezwa mbali. Kundi la wanaharakati wa Ukimwi, ACT UP, lililoundwa New York Machi 1987, lilikusanya maelfu ya watu nje ya Kanisa Kuu la St. Patrick tarehe 10 Desemba 1989, kumpinga Kardinali John O'Connor aliyekuwa akipinga mafunzo ya kondomu. Wengine waliingia ndani wakati wa misa, wakajilaza sakafuni kama maiti. Watu 111 walikamatwa. Mmoja aliivunja hostia, na tendo hilo liliwaumiza waumini, likawagawa hata wanaharakati wenyewe. Nje, msanii kijana Ray Navarro alisimama amevaa kama Yesu, taji la miiba kichwani, kipaza sauti mkononi, akiwahoji wenzake mbele ya kamera. Alifariki Novemba mwaka uliofuata, hajatimiza miaka 27. Pose inawaonesha Pray Tell na wenzake wakijilaza kanisani, nami nilijiona sakafuni pamoja nao. Ukiwa chini hivyo unaona soli za viatu vya polisi na vumbi la chini ya benchi, na unaelewa kwa mwili kile walichokuwa wakisema: mnatupita tukiwa hai, basi turukeni tukiwa tumekufa.

Siku 5 baada ya misa ile ya Desemba, Kampala, alifariki Philly Lutaaya. Mapema mwaka huo mwanamuziki huyo mpendwa alikuwa amerudi kutoka Sweden na kuwaambia Waganda kwamba ana Ukimwi, na wapo waliokataa kumwamini. Alitumia nguvu alizobakiwa nazo kuzunguka mashuleni na makanisani akionesha uso wake. Sidhani kwamba yeye na wale waliojilaza New York waliwahi kukutana, lakini nikiziweka tarehe hizo mbili kando kando naona kazi moja: kuuvua ugonjwa pazia kwa kutumia mwili wako mwenyewe, kwa sababu huna kingine.

Pray Tell mwenyewe ana kisa kingine nyuma yake. Mwigizaji wake, Billy Porter, aliigiza kwa misimu mitatu mtu mwenye virusi, akapata tuzo ya Emmy mwaka 2019, na muda wote huo alikuwa na virusi hivyo tangu mwaka 2007 bila kuutangazia umma. Alilitangaza hilo Mei 2021, tamthilia ikielekea ukingoni. Alieleza kwamba kupitia mhusika huyo alipata njia ya kuyasema aliyokuwa ameyabeba kwa miaka 14. Napenda kulitafakari hilo polepole. Pamoja na kuwafikia watazamaji, tamthilia ilimfungua mtu mmoja aliyesimama ndani yake. Na yuko hai, kwa dawa ambazo Ray Navarro na Angie hawakuziwahi.

Mwaka huo huo wa 2021 Uingereza ilipata matanga yake. It's a Sin, tamthilia ya sehemu 5 iliyoandikwa na Russell T Davies, inafuata vijana wanaopanga nyumba moja London kuanzia mwaka 1981. Kuna familia inayochoma vitu vyote vya mtoto wao aliyekufa, nguo na picha, motoni nyuma ya nyumba. Lakini kinachoniuma zaidi ni ufukwe wa Isle of Wight. Ritchie, mmoja wa vijana hao, amekuwa mahututi, mama yake amemchukua nyumbani na kuwazuia marafiki wasimwone. Jill, aliyemuuguza na kumpigania kwa miaka, anasubiri siku baada ya siku kuitwa. Hatimaye mama anakuja, na pale kando ya bahari anamwambia kwamba Ritchie alifariki jana. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na rafiki huyo amenyimwa hata mkono wa buriani. Jill anamjibu kwamba aibu aliyoipanda ndani ya nyumba yake ndiyo iliyoua. Kisha anarudi hospitalini, anaingia chumba cha kijana asiyemfahamu, asiye na mgeni, anaketi karibu na kitanda. Mtazamaji wa Kiswahili ana neno la kulitaja tendo hilo. Jill alikwenda kutafuta watu wa kuzikana nao.

Sisi hatukukosa tamthilia wakati wa msiba wetu. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, na nyumba nyingi zilinyamaza saa yake ilipofika ili kumsikia Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake wengi njiani, akielekea polepole kwenye Ukimwi, huku mkewe Tunu akijifunza kujitegemea. Ilikuwa kazi njema na ya lazima. Watu walikuwa wakiambukizwa kila siku, na onyo lilihitajika kuliko shairi. Lakini Mkwaju aliumbwa ili tuogope kuwa kama yeye. Mgonjwa wetu wa redioni alikuwa funzo, na funzo likishaeleweka halina anayelililia. Pengine ndiyo maana tulimudu kusikiliza Mkwaju jioni huku kikombe cha bluu kikiwa dirishani. Pose na It's a Sin zimekuja baada ya mafunzo, zikauliza maswali tusiyowahi kuuliza: huyu alipenda wimbo gani? Alichekaje? Nani alimwosha uso?

Wala matanga hayatoshi. Skrini inapenda kitambaa kinachong'aa na kifo chenye muziki, na inapenda hadithi iishe. Blanca anapata dawa, anakuwa muuguzi, na tamthilia inamwacha hai; ni zawadi waandishi waliyompa Angie baada ya kufa, nami siwalaumu. Ila anayezima televisheni akidhani msiba umekwisha amekosea. Na wapo ambao mikeka yao haijatandikwa. Sijaona tamthilia kubwa iliyomweka katikati Katrina Haslip, mwanamke mweusi, Mwislamu, aliyekuwa mfungwa wa gereza la Bedford Hills, New York, ambako alifanya kazi katika maktaba ya sheria na kuwafundisha wafungwa wenzake juu ya Ukimwi. Orodha rasmi ya maradhi yaliyomfanya mtu Marekani ahesabiwe kuwa na Ukimwi iliacha nje maradhi yaliyokuwa yakiua wanawake, kama saratani ya shingo ya kizazi, na hivyo wanawake walikufa bila kuhesabiwa na bila kupata msaada waliostahili. Haslip alitoka gerezani akapigana hadi orodha ikabadilishwa. Mabadiliko yalianza kutumika Januari 1993. Yeye alifariki Desemba 1992.

Kabla jeneza halijashushwa, mzee wa familia husimama akatangaza: kama yupo anayemdai marehemu, ajitokeze, na kama yupo anayedaiwa na marehemu, naye ajitokeze. Deni langu kwa wafu hawa si la mfano wa maneno. Mwaka 1987 dawa ya Ukimwi ya AZT iliuzwa kwa takriban dola 10,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Septemba 1989 wanaharakati walijifunga kwa minyororo ndani ya soko la hisa la New York, na siku chache baadaye bei ikashuka kwa asilimia 20. Afrika Kusini, Zackie Achmat, shoga asiyejificha na mmoja wa waanzilishi wa kundi la Treatment Action Campaign mwaka 1998, alikataa kumeza dawa ambazo angeweza kuzipata hadi maskini wenzake wazipate katika hospitali za umma. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kutoa mchanganyiko wa dawa kwa dola 350 kwa mwaka. Mwaka 2004 Tanzania ikaanza kuzitoa bure. Njia ilikuwa ndefu na ilipita mikononi mwa wengi, lakini mwanzoni mwake walilala watu sakafuni, na wengi wao walikuwa watu ambao leo tukikutana nao tungegeuza uso.

Dawa ya deni kulipa. Wewe unayesoma, ukikutana na tamthilia hizi, zitazame kama mtu aliyekuja msibani: keti, sikiliza majina, kisha rudi kwenu ukaulize majina yenu, maana wazee waliouguza miaka ile bado wapo, na hawatakuwapo siku zote. Nami nalipa langu hapa. Bibi yangu ndiye aliyekichukua kikombe kile cha bluu baada ya matanga, akakiosha, akanywea chai kila asubuhi hadi alipofariki, na hakumweleza mtu sababu. Mama yangu mdogo hakufa kwa homa. Alikufa kwa Ukimwi.